Kambare Wasio na Sharubu

Mwanangu amenikuta leo asubuhi nimeinamia ndoo, mkono umezama hadi kiwikoni.

"Mama, kumbe mchanga nao unaoshwa?"

Unaoshwa, baba, nikamwambia, tena mara saba, mara nane, mpaka ukiukoroga maji yabaki maangavu. Akauliza kwa nini. Hapo nikakwama, maana jibu lilinirudisha kwenye lile tangi dogo la samaki.

Lile la mwanzo nililitandika changarawe nyeusi. Yalikuwa mawe yaliyopondwa, kila punje ina kona, na taa ikiwaka yanametameta. Niliyachagua kwa macho. Nilitaka rangi ya shaba ya koridorasi wangu ionekane, na kweli ilionekana. Walikuwa sita, kambare wadogo wenye asili ya Amerika Kusini, mmoja anaenea kiganjani na nafasi inabaki. Hawana magamba, wana vibamba vya mfupa vilivyopangana ubavuni kama vigae vya paa. Nilipoviona nikaridhika kwamba huko chini hakuna kitakachowadhuru. Sikufikiria kwamba vibamba havifiki mdomoni.

Jioni moja nilipiga magoti kuwahesabu. Mmoja alikuwa ametulia kwenye kioo, karibu kiasi kwamba pumzi yangu iliweka ukungu mbele ya uso wake. Nikaufuta kwa kidole. Nilikuwa nikingoja jicho lake, kwa sababu samaki hawa hulizungusha jicho kama mtu anayekonyeza, na mimi sijawahi kuchoka kulitazama. Likazunguka. Nikacheka peke yangu, halafu macho yakateremka hadi mdomoni. Pale zinapoanzia sharubu palikuwa na vinundu vyekundu, kama ufizi wa mtoto jino likishang'oka. Nikadhani nimeona vibaya. Nikaleta tochi. Hana. Nikamtafuta wa pili: amebaki na za upande mmoja, nazo zimekatika nusu. Wa tatu hana. Nilizunguka na tochi mpaka nikawamaliza wote sita, na aliyekuwa nazo kamili ni mmoja tu. Wakati huo yule wa kwanza aliinama, akachomeka mdomo kati ya mawe mawili kutafuta punje ya chakula iliyodondokea humo, akasukuma, akasukuma tena, akatoka mtupu, akaenda kwenye mwanya mwingine.

Tangu utotoni nasikia kwamba nyumba ya kambare kila mtu ana sharubu, mkubwa kwa mdogo. Husemwa juu ya nyumba ambayo kila mmoja ni msemaji. Usiku ule msemo ulinichoma kwa maana yake nyepesi kabisa. Kambare huonja kwa sharubu kabla hajafungua mdomo. Ndivyo vidole vyake, ndiyo njia yake ya kujua kilicho mbele yake gizani. Nami nilikuwa nimewanyang'anya watano.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Niliwahamishia samaki kwenye ndoo yenye chujio la sifongo, nikaanza kuchota changarawe, na harufu ikanipiga. Chini ya mawe kulikuwa na tope la kahawia, mabaki ya chakula yaliyojificha kwenye mianya ambamo samaki hawakufika wala mpira wangu wa kunyonya maji haukufika. Nikatafuta mchanga laini, punje za mviringo zisizozidi milimita 1. Nikaudondoshea siki: haukutoa povu, basi hauna chokaa wala vipande vya makombe vya kupandisha ugumu wa maji. Mwingine, ule wa kupulizia chuma kuondoa kutu, niliukataa ingawa ni laini kwa macho, ukiufikicha unakwaruza. Nikatandaza sentimita 3 tu, kwa kuwa mchanga laini ukirundikana bila kuguswa huoza ndani kwa ndani.

Nilipowarudisha, mmoja alizamisha uso hadi machoni, na mchanga ukamtoka kwenye matamvua, kulia na kushoto, kama vumbi nyuma ya gari. Miezi yote juu ya yale mawe sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

Watatu waliota sharubu tena, fupi, zimepinda kidogo. Wawili hazikurudi, zilikuwa zimelika hadi shinani.

Kila ninapoulizwa nimejibu upesi kwamba ni makali ya mawe. Lakini siku ile niliondoa vitu viwili kwa pamoja, mawe na tope. Wapo wanaofuga kambare hawa juu ya changarawe inayosafishwa vizuri na sharubu zipo, na wapo wenye mchanga laini mchafu ambao za kwao zimeoza. Pengine mawe yalifungua vidonda, bakteria wa kwenye tope wakamalizia. Pengine tope peke yake lilitosha. Naamini ni yote mawili, ila kuapa siwezi, na hao wawili hawakuwa wa kujaribia mara ya pili.

Mtoto hakungoja nimalize kufikiri. Alichovya kidole kwenye ndoo, akapaka mchanga kwenye mdomo wake wa chini, akausugua polepole huku amefumba macho.

"Hauumi," akasema.

Nikamwaga maji, nikajaza mengine.