Fedha za Mjomba Kwenye Akaunti Yangu

Mwaka 2022, mdogo wangu wa kike alipokuwa anakaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza katika nchi moja ya Ulaya alikokuwa akifanya kazi ya uuguzi, nilikusudia kwenda kukaa naye siku 12 katika likizo yangu ya ualimu. Sikuwa nimewahi kuomba viza maishani. Nilichokijua ni kile ambacho watu husimuliana wakiwa wamekaa, kwamba ubalozini wanataka kuona pesa, na kwamba mtu ambaye akaunti yake imekauka asijisumbue kupanga foleni. Kwa hiyo nilianzia kwenye pesa.

Mjomba wangu, ambaye hajawahi kuniacha nikiwa na shida, aliitazama taarifa yangu ya benki kwa muda mrefu akiwa amevaa miwani yake ya kusomea. Mshahara ulikuwa ukiingia mwisho wa mwezi na kufikia tarehe 10 ulikuwa umekwisha, mwezi baada ya mwezi, bila kukosea. “Mama, hii haimshawishi mtu,” aliniambia. Wiki mbili kabla ya siku ya miadi aliingiza kwenye akaunti yangu kiasi kilicholingana na mishahara yangu ya miezi minane, tukakubaliana kwamba zilikuwa pesa za kuonyesha tu na kwamba ningemrudishia kabla hata sijapanda ndege. Wala hatukuona kwamba tunafanya udanganyifu. Tuliona tunajisitiri, kama mtu anavyoazima nguo nzuri ya kwendea harusini.

Mambo mengine niliyashughulikia kwa uangalifu ambao leo unanichekesha. Nilijifunza kwamba ombi la viza ya Schengen, yaani ile viza moja ya kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao, hupelekwa kwenye ubalozi wa nchi ambayo msafiri atakaa siku nyingi zaidi, hata kama ndege yake itatua kwanza kwingine, nami ndege yangu ingetua kwanza katika nchi nyingine kabisa. Nilijua kwamba jina hilo linatokana na kijiji cha Luxembourg ambako mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985, na kwamba mgeni haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, kikomo ambacho siku zangu 12 hazikukikaribia. Pasipoti yangu ilikuwa imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ilikuwa na zaidi ya miezi mitatu ya uhai baada ya tarehe ya kurudi, na kurasa zake tupu zilizidi zile mbili zinazotakiwa. Hata picha nilipima kwa rula, milimita 35 kwa 45, nikamrudia mpiga picha kwa sababu ya milimita moja.

Bima ya safari ndiyo iliyozua maneno nyumbani. Sharti ni kwamba igharamie matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini na kurejeshwa nyumbani, kwa kiwango kisichopungua euro 30,000, na cheti changu kiliyataja hayo yote kwa ufasaha, pamoja na kurejeshwa kwa mwili iwapo msafiri atafariki. Mama alikisoma chote mpaka mwisho, akakigeuza kifudifudi mezani, akaniuliza kama nilikuwa nimelazimika kulilipia na hilo. Nilipomjibu kwamba ni sharti kwa kila mtu, alinyamaza, lakini cheti kile hakukishika tena.

Kwenye kituo cha kupokea maombi, karani aliyenihudumia aliweka vema mbele ya kila hati iliyokuwamo kwenye orodha yake bila kusoma hata moja. Nilimuuliza kama karatasi zangu zinaonekana kutosha. Alinijibu kwa upole, “Dada, sisi ni wa kupokea tu, wanaoamua ni ubalozi.” Kisha alinipeleka kwenye mashine ya alama za vidole, na hapo tulikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa kidole gumba changu cha kulia kilikataa kusomeka mara tatu. Nimeshika chaki miaka 14 na ngozi ya kidole hicho imelainika na kukauka kama karatasi. Karani alinipa kitambaa chenye unyevu, nikakifuta, nikabonyeza kwa nguvu, na mara ya nne taa ikawaka kijani. Nilitoka nje nikiamini kwamba sehemu ngumu imekwisha.

Siku sita baadaye niliitwa ubalozini kwa mahojiano. Ofisa aliyekuwa upande wa pili wa kioo alikuwa mwanamke wa makamo aliyezungumza Kiswahili safi, na faili langu lilikuwa limekwisha kufunguliwa kwenye ukurasa wa taarifa ya benki. Hakuniuliza kuhusu mdogo wangu wala kuhusu ualimu. Aliweka ncha ya kalamu kwenye mstari mmoja.

“Hizi zimetoka wapi?”

“Ni akiba yangu,” nilisema.

“Akiba iliyoingia kwa siku moja?”

Nilihisi joto likinipanda shingoni. Nikasema ni za mjomba.

“Kwa hiyo mjomba ndiye anayegharamia safari?”

“Hapana, najigharamia mwenyewe.”

“Kwa pesa za mjomba?”

Sikuwa na jibu. Aligeuza fomu yangu akaielekeza kwenye kioo ili niione vizuri. Pale panapouliza nani anagharamia safari na maisha ya mwombaji wakati wa ukaazi wake, nilikuwa nimeweka alama kwenye “mwombaji mwenyewe”, na sehemu ya mdhamini au mwenyeji nilikuwa nimeiacha wazi, ingawa mdogo wangu ndiye aliyekuwa anilaze na kunilisha siku zote 12. Yaani katika faili moja palikuwa na hadithi tatu: fomu ilisema najitegemea, barua ya mdogo wangu ilisema nakwenda kukaa kwake bure, na benki ilisema kuna mtu mwingine asiyetajwa popote. Yule ofisa hakunikaripia. Aliandika maneno machache, akanishukuru, akaniambia nisubiri.

Jibu lilitoka kabla siku 15 za kawaida hazijatimia. Ndani ya bahasha palikuwa na pasipoti yangu bila kitu, pamoja na fomu ya kukataliwa, ambayo ni karatasi ya namna moja inayotumiwa na nchi zote za Schengen, yenye orodha ya sababu na kisanduku mbele ya kila sababu. Visanduku viwili vilikuwa vimewekewa alama. Cha kwanza kilisema kwamba maelezo niliyotoa kuhusu madhumuni na mazingira ya safari hayakuaminika, na cha pili kwamba kulikuwa na shaka ya msingi kama ningeondoka kabla viza haijaisha. Ada ya euro 80 haikurudishwa, kwani hiyo hulipiwa kazi ya kuchunguza ombi, si viza yenyewe. Mdogo wangu alilia kwenye simu. Mimi nilikuwa na hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira yenyewe niliielekeza kwa ubalozi kwa siku mbili tatu hivi, mpaka nilipoisoma tena ile sababu ya kwanza nikiwa nimetulia nikaona kwamba, kwa karatasi nilizowapelekea, hata mimi nisingejiamini. Sababu ya pili iliniuma na bado inaniuma kidogo, lakini nilianza kuelewa jinsi inavyozaliwa na ile ya kwanza: mtu aliyepamba akaunti, wanajiuliza, amepamba na nini kingine?

Mjomba alikuwa na mpango mwingine. Alitaka niende kwenye ubalozi wa nchi ile ambako ndege ingetua kwanza, nijaze fomu mpya, na pale inapoulizwa kama nimewahi kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya viza ya Schengen nijibu hapana. Ilinibidi nimweleze kwamba nchi hizo zinatumia hifadhi moja ya taarifa za viza, kwamba alama za vidole zilizokwisha kuchukuliwa hutumika tena kwa miezi 59, na kwamba ofisa wa ubalozi wowote kati ya hizo angeliona ombi langu la kwanza pamoja na jibu lake. Kukataliwa mara moja hakumzuii mtu kuomba tena. Kukana kwamba aliwahi kuomba ndiko kunakomharibia. Mjomba alisikiliza, akasema, “Basi zama zimebadilika,” akaacha.

Karatasi ile ilinieleza pia kwamba nina haki ya kukata rufaa kwa mujibu wa sheria za nchi iliyonikatalia. Niliifikiria, kisha nikaiacha, kwa sababu rufaa ingekuwa kudai kwamba waliamua vibaya kuhusu karatasi ambazo mimi mwenyewe nilijua kuwa ndizo zilizokuwa mbaya. Niliamua kuandaa ombi jipya kwa ajili ya likizo iliyofuata. Mtoto alizaliwa katikati ya maandalizi hayo, nikamwona kwa mara ya kwanza kwenye simu, amefungwa kitambaa cha hospitali, amefumba macho.

Mjomba nilimrudishia pesa zake zote, kwa njia ya benki, kutoka akaunti ileile. Taarifa ya benki iliyotakiwa ilikuwa ya miezi mitatu. Mimi nilipeleka ya miezi sita kwa makusudi, ili pesa zile zionekane zikiingia na kutoka, na nikaambatanisha barua ya ukurasa mmoja iliyoeleza zilikuwa za nani, ziliingizwa kwa nini na zimekwenda wapi. Katika fomu niliweka alama kote kuwili: nauli na bima ni juu yangu, malazi na chakula ni juu ya mwenyeji. Mdogo wangu alikwenda kwenye ofisi ya mji anakoishi akajaza tamko rasmi la udhamini badala ya ile barua ya kawaida. Mkuu wa shule aliandika tarehe ya kuanza likizo na tarehe ambayo natakiwa niwe darasani, nami nikaweka nyuma yake ratiba ya muhula uliofuata yenye jina langu. Salio langu lilionekana dogo, na nililiacha liwe dogo, kwa kuwa kwa siku 12 za kulala kwa ndugu lilikuwa linatosha. Alama za vidole sikuchukuliwa tena. Mahojiano sikuitwa.

Pasipoti iliporudi nilimpelekea mjomba aione. Alivaa miwani akasoma stika nzima ya viza, tarehe ya kuanza na ya kumalizika, akahesabu kwa vidole, uso ukamng'aa.

“Wamekupa siku 27!”

“Hapana mjomba. Tazama hapa chini, muda wa kukaa ni siku 12, na siku ya kufika na ya kuondoka zote zinahesabiwa. Hizo 15 za ziada ni nafasi tu, ndege ikiahirishwa niweze kusogeza tarehe. Na hii 01 maana yake naingia mara moja. Nikitoka nje ya nchi hizo, basi.”

Aliisoma tena, polepole zaidi, kama anayetafuta zile siku 15 zilikokwenda.

“Na pesa zangu, waliziona?”

“Waliziona. Zikiingia na zikitoka.”

Akacheka, akaifunga pasipoti, akanirudishia mkononi.