Jumamosi ya kwenda mashineni

Mwanangu ana kifafa na ana usonji pia (autism, hali ya ubongo anayozaliwa nayo mtu), na mwaka 2021 alipokuwa na miaka 15 alianza kudai aende kusaga mwenyewe. Mashine ipo mtaa wa pili tu hapa Uyole, Mbeya, tulikuwa tunaenda wote kila Jumamosi saa nne, njia ile ile, ndoo ile ile, sa akawa anasimama mlangoni anasema "peke yangu", anarudia mpaka sauti inakauka.

Yani niliogopa. Jiko la mkaa haruhusiwi kulisogelea, bafuni hafungi komeo, leo nimpeleke kwenye mkanda unaozunguka vile? Mama mkwe akasema mtoto wa hivo anakaa nyumbani basi. Mi sikukubali, kijana ndevu zinaanza kuota, nimshike mkono njiani mpaka lini?

Nikaenda kwa yule baba wa mashine mapema kabla wateja hawajaja nikamweleza yote. Kwamba akianguka asimbane mikono, asimwekee kijiko wala chochote mdomoni, aweke kitu laini chini ya kichwa, amlaze ubavu mate yatoke, aangalie saa kwenye simu, zikipita dakika 5 bado anatingishika ni hospitali hapo hapo bila kunisubiri. Na mate hayaambukizi, hilo nililirudia maana ndo linalokimbiza watu. Alafu kuna la usonji ambalo hata wanaojua kifafa wengi hawalijui, akizinduka akakuta watu wanamshikashika na kelele juu anarusha mikono, watu wanasema mapepo, kumbe ni kule kuguswa tu kunamtesa. Kwa hiyo watu wasogee na mashine izimwe. Yule baba akachukua chaki akachora mstari sakafuni, mbali kabisa na mkanda, akasema huu ndo mpaka wake, benchi lake nitaliweka huku.

Jumamosi akameza dozi yake ya asubuhi, akanywa chai, akavaa sweta maana baridi ya mwezi wa sita huku si mchezo, akaondoka. Saa tano kasoro simu ikaita. "Mama, kijana ameanguka ila imeshaacha, hata dakika mbili hazijafika, njoo taratibu usikimbie." Nilikimbia.

Nikamkuta kalazwa ubavu juu ya viroba, koti la yule baba chini ya kichwa, mashine kimya, wamama wamesubirishwa nje na ndoo zao, mmoja alitaka kumnusisha kiatu akakataliwa. Suruali ilikuwa imelowa, wamemfunika kanga. Hakuna anayemgusa. Nikakaa pembeni yake akalala usingizi wake ule wa baada ya kuanguka, na alipofumbua macho akaulizia ndoo. Ilikuwa haijasagwa.

Nikataka tuibebe turudi hivo hivo. Akasema "bado". Basi mashine ikawashwa, akaziba masikio nyuma ya mstari wake mpaka unga ukaisha, ila njiani ndoo nilibeba mimi, alikuwa bado analegea na hilo sikutaka ubishi.

Kliniki daktari alimpima uzito, akaona kaongezeka sana tangu dozi ipangwe, akaipandisha. Mama mkwe aliposikia akasema si nilisema. Nikamwambia mama, hata hapa uani angeanguka, tena peke yake labda, kule walikuwepo watu wanaojua cha kufanya. Jumamosi iliyofuata alienda na nusu ndoo, mdogo wake akimfuata kwa nyuma kwa mbali, na ilipofika mwezi wa nane mdogo wake tukamwambia abaki.