Siku 14 za kupima intaneti yangu

Mkataba wangu ulisema "hadi megabiti 40 kwa sekunde". Hilo neno "hadi" sikulitilia maanani siku ya kusaini. Uzito wake niliujua baadaye, kila jioni video ikigandaganda na mikutano ya kazi ikinitupa nje.

Nikipiga simu huduma kwa wateja, jibu ni lile lile: zima ruta, subiri, washa. Nikachoka. Nikaamua kuwapelekea ushahidi.

Nilianza kwa kuwaondolea visingizio. Nilichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, maana ukipima kwa Wi-Fi utaambiwa tatizo ni ukuta wako. Vifaa vingine vyote nikavizima. Nilijihadhari pia na jambo linalochanganya wengi: kampuni huuza megabiti, lakini kompyuta ikipakua faili mara nyingi huonyesha megabaiti, na megabaiti 1 ni megabiti 8. Ukiahidiwa 40, basi 5 kwenye skrini ni haki yako kamili. Si vizuri kudai usichoahidiwa.

Nilipima siku 14, mara tatu kwa siku. Daftari langu linaanza hivi: asubuhi 37, mchana 35, saa 3 usiku 6. Kesho yake 38, 34, 5. Kila namba ina picha yake ya skrini. Waya mbovu hauchagui saa; huo ulikuwa msongamano, wateja wengi wamerundikwa kwenye njia isiyowatosha.

Ila usiku mwingine kipimo kilifika 30 na video bado ikakwama. Hapo nikaweka kwenye simu programu ya Wehe, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani. Hupitisha data ya video ilivyo, kisha huirudia ikiwa imevurugwa isitambulike. Yangu iliyotambulika ilipata 4, iliyofichwa, 28. Nilirudia mara tano, hali ile ile: kampuni ikitambua ni video, inaipunguzia kasi. Niliumia sana. Mimi nimelipia njia, na kinachopita humo nachagua mimi.

Safari hii sikupiga simu. Niliandika barua, nikaambatanisha jedwali, nikadai namba ya malalamiko. Niliwauliza pia kasi yao ya chini kabisa ni ipi, kwa sababu Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya 2015, unataka mikataba ya intaneti ya majumbani iitaje, pamoja na ile ya kawaida. Mwisho nikawaambia nakala itakwenda kwa mdhibiti wa mawasiliano.

Fundi alikuja wiki hiyo hiyo, akanihamishia kwenye njia nyingine. Sasa usiku napata 31 au 33, na walinirudishia malipo ya mwezi mmoja. Kuhusu video walijibu mstari mmoja tu: ni "usimamizi wa mtandao". Jibu hilo sijalikubali. Liko kwa mdhibiti pamoja na vipimo vyote, na kila saa 3 usiku bado napima.