Nilivyoulizwa "nukta nane umeipima na nini"

Ripoti yangu ya kwanza ya tathmini ya maji chini ya ardhi ilikuwa na kurasa sitini na ushee, ramani za rangi, na namba moja iliyokolezwa wino: mita za ujazo 1,506.8 kwa siku. Hicho ndicho kiasi nilichosema kinaweza kuvutwa kwenye bonde moja dogo kaskazini mwa Dodoma bila visima kukauka. Bonde lenyewe sitalitaja. Kikaoni alikuwepo mchimbaji visima wa siku nyingi, mtu mzima aliyealikwa zaidi kwa heshima. Aliisoma ile namba, akavua miwani, akaniuliza:

"Injinia, hiyo nukta nane umeipima na nini?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, huku jasho likinitoka mgongoni, maana nilijua fika imetoka kwenye kikokotoo.

Hesabu yenyewe mtoto wa sekondari anaiweza. Bonde lina kama kilomita za mraba 20. Mvua ya Dodoma ni takribani milimita 550 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Nikakadiria kwamba asilimia 5 ya mvua hiyo huzama hadi kwenye maji ya chini, yaani milimita 27.5. Milimita moja ikitandazwa juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000, kwa hiyo tunapata 550,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 365, nukta nane hiyo hapo.

Sasa ile asilimia 5? Niliinakili kwenye ripoti ya aliyenitangulia, naye aliinakili kwa mwingine, na huko nyuma sikufika. Ningeandika 2, jibu lingekuwa kama mita za ujazo 600 kwa siku. Ningeandika 10, lingekuwa 3,000. Kwa kipimo cha maji vijijini cha Sera ya Maji ya mwaka 2002, lita 25 kwa mtu kwa siku, hiyo ni tofauti ya kuhudumia watu 24,000 au watu 120,000. Na juu ya ripoti hiyo kulikuwa na uamuzi unaosubiri: vibali vya kutumia maji kwa vijiji vitatu, na kwa kikundi cha wakulima wa zabibu waliotaka kumwagilia kwa matone.

Nilirudi mezani nikafanya nilichofundishwa chuoni. Badala ya kuipa kompyuta asilimia moja, niliipa nafasi ya kuchagua kati ya 2 na 10, mvua nayo nikaiacha ipande na kushuka kama ilivyo kwenye kumbukumbu, kisha nikairudia hesabu mara 10,000. Majibu yakajipanga kwenye grafu kama kichuguu: katikati yamerundikana, pembeni machache. Nilijisikia mtaalamu. Bosi wangu alikiangalia kichuguu kwa muda, akasema, "Hii nzuri. Ila wakubwa wanataka namba moja." Nikampa ya katikati. Angalau safari hii bila nukta.

Kilichonigeuza ni safari ya siku moja kwenda kupima kina cha maji kwenye kisima cha zamani kisichotumika. Tepu ya kupimia ina kichwa kinachopiga kengele kikigusa maji. Unaishusha polepole, unasikiliza, ikilia unashika kwa kidole na kusoma. Mlinzi wa eneo lile ni mzee wa Kigogo. Nilimsalimu "Mbukwenyi", akafurahi, na tukiwa tumeinama pale mdomoni mwa kisima nikamuuliza kama maji hupanda kila mvua zikija.

"Hapana, mwanangu. Haya hushuka tu, mwaka baada ya mwaka. Yalipanda mwaka ule wa El Nino, korongo lilipopita na mifugo ya watu. Tukadhani kisima kitafurika."

Alikuwa anazungumzia 1997/98. Na hapo nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nalo kabatini siku zote. Makutupora, bonde ambalo kwa miongo mingi limekuwa tegemeo kuu la maji ya mji wa Dodoma, lina kumbukumbu za kina cha maji tangu miaka ya 1950, moja ya kumbukumbu ndefu kabisa za aina hiyo katika ukanda wa tropiki. Mwaka 2013 watafiti, Watanzania wakiwemo, walichapisha uchambuzi wa miaka 55 ya vipimo hivyo. Walichokiona ndicho alichoniambia mzee: maji hushuka kwa miaka kadhaa mfululizo, halafu msimu mmoja wa mvua nzito usio wa kawaida huyarudisha. Misimu hiyo mara nyingi huendana na El Nino na joto la Bahari ya Hindi, na mpandisho mkubwa kuliko yote ulikuwa huo wa 1997/98.

Nilikuwa nimeusoma utafiti ule. Nilikuwa hata nimeutaja kwenye ripoti, ukurasa wa tisa, halafu ukurasa wa ishirini nikaendelea na asilimia 5 ya kila mwaka kana kwamba sijasoma kitu.

Hili ndilo lililonichoma. Zile hesabu 10,000 zote zilikuwa na dhana moja ndani yake: kwamba kila mwaka kipande fulani cha mvua huzama. Nilibadilisha ukubwa wa kipande mara elfu kumi, dhana yenyewe sikuigusa hata mara moja. Kichuguu kilionyesha shaka niliyoichagua mimi kuionyesha. Shaka kubwa ilikuwa nje ya grafu.

Nikajenga modeli ya pili, yaani hesabu nyingine ya kuiga jinsi maji yanavyoingia ardhini. Hii inasema: msimu wa kawaida hauingizi kitu cha maana, maji yanaingia pale tu mvua inapovuka kiwango fulani na makorongo kutiririka juu ya mchanga. Wastani wa miaka mingi unaweza kutoka uleule, lakini swali linabadilika. Huulizi tena mwaka unatupa kiasi gani. Unauliza tunaweza kuvuta maji miaka mingapi bila mvua kubwa kurudi.

Na swali likibadilika, namba ya kuhangaikia nayo inabadilika. Asilimia ya mvua, niliyoipigia kelele wiki nzima, ikakaa pembeni. Iliyopanda juu ni moja niliyokuwa nimeiweka bila kufikiri: mwamba una uwezo gani wa kutoa maji? Chukua ndoo ya lita 20, ijaze kipande cha ule mwamba wa itale uliochakaa, kikiwa kimelowa chepechepe, kisha uache kichuruzike. Kama uwezo wake ni asilimia 5, utapata lita moja. Kama ni asilimia 1, utapata kikombe cha chai. Kwa macho, ndoo zote mbili zinafanana.

Kwa bonde letu, ukivuta mita za ujazo 1,500 kwa siku na mvua kubwa isije, ndoo ya kwanza inamaanisha maji kushuka kama nusu mita kwa mwaka. Miaka kumi, mita tano na nusu. Unaishi. Ndoo ya pili inamaanisha karibu mita tatu kwa mwaka. Miaka kumi, mita 27, na pampu zinaning'inia hewani.

Basi pesa kidogo iliyobaki hatukuinunulia takwimu zaidi za mvua. (Nilitamani. Takwimu za satelaiti zinagawa nchi kwa miraba ya kilomita tano hivi, na kila mkazi wa Dodoma anajua mvua inaweza kumlowesha mtu wa Makole huku wa Nkuhungu anakula vumbi.) Pesa hiyo tuliitumia kwenye jaribio la kuvuta maji kwa saa 72 mfululizo, huku tunapima kisima cha jirani. Usiku wa pili jenereta ilizimika saa nane na tukaanza upya, habari ambayo sitaisimulia. Jaribio la siku tatu nalo lina upungufu wake: maji hudondoka polepole kutoka kwenye mwamba, kwa hiyo namba hutoka ndogo kuliko ilivyo kweli. Lakini tulipata kitu. Ncha ya asilimia 1 ilionekana ngumu kuaminika, na ya asilimia 5 pia. Pengo likapungua, halikuisha.

Kazi iliyobaki ilikuwa kulisema hilo mbele ya watu wenye kalamu.

Kiswahili hapa kilinisumbua kuliko hesabu. Ukisema "kuna uwezekano mkubwa", kikaoni wanasikia "itatokea". Ukisema "huenda", wanasikia "hujafanya kazi yako". Wataalamu wa tabianchi wa kimataifa wana maneno yao yaliyofungwa kwenye asilimia, lakini msikilizaji hatembei na kamusi hiyo. Na sote tumezoea utabiri wa msimu, "mvua za wastani hadi juu ya wastani", ambao kila mtu huusikia anavyotaka: mkulima anasikia juu, mhasibu anasikia wastani. Nikaacha maneno, nikahesabu. Nilichukua historia ya mvua, nikaipitisha kwenye modeli zote mbili kwa vipande vya miaka kumi kumi, nikasema: "Tungevuta kiasi hiki, katika kila vipande kumi vya namna hii, katika vitatu maji ya visima vya kijiji yangeshuka hadi kwenye pampu." Mara tatu kwa kumi kila mtu anaielewa. Mheshimiwa mmoja alisema hata yeye hapandi basi la namna hiyo.

Mwenyekiti akauliza lile swali lao: "Sasa Injinia, tutie saini au tusitie?"

Nilikuwa nimejiandaa. Vijiji vipewe vyote walivyoomba, kwa sababu katika modeli zote mbili, ndoo yoyote ile, kiasi hicho kinahimilika. Hapo shaka yangu haikuwa na la kuamua. Wakulima wa zabibu waanze na nusu, na kibali kifungwe kwenye kina cha maji cha kisima kile cha mzee: kikishuka chini ya alama fulani, wanapunguza, mvua kubwa ikija na maji yakapanda, wanaongezewa bila kuandika andiko jipya. Namba moja waliyoitaka wakaipata, ila iko kisimani.

Walikubali. Nilidhani nitatoka pale nimenyanyua kichwa, mpaka mwenyekiti wa kikundi cha zabibu aliponisimamisha nje, kwenye kivuli cha mwarobaini. Alinisalimu kwanza, akaulizia nyumbani, ndipo akasema. "Injinia, nimekuelewa sana. Benki wamenipa namba moja ya kulipa kila mwezi. Mzabibu nikiupanda leo, nakaa zaidi ya mwaka kabla ya kuona shilingi. Wewe hujui mvua itakuja lini, sawa. Lakini kutokujua kwako umenibebesha mimi."

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Katika tathmini zote ninazoandika sasa kuna ukurasa unaosema, kwa kila uamuzi, nani anaumia tukikosea upande huu na nani tukikosea upande ule. Wakati mwingine wasimamizi wangu huufuta. Mara ya mwisho haukufutwa.

Mzee mlinzi tulimwachia tepu na daftari, na posho kidogo ya vocha. Kila mwisho wa mwezi hunitumia ujumbe. Mwezi uliopita aliandika: "Injinia maji yameshuka kidogo tena. 31.4." Nikampigia, nikamtania, nukta nne umeipima na nini?

"Na tepu, mwanangu," akasema. "Nimerudia mara tatu."