Taa zenye duara: nilivyozipata, na washauri walivyonichosha

Kama una miaka ishirini na kitu na taa za usiku zimeanza kukutokea na duara, usimsikilize mtu wa kijiweni. Nasema hivyo nikiwa mtu wa kijiweni mwenyewe: naendesha bodaboda hapa Tabora mjini, na usiku nakesha stesheni kusubiri abiria wa treni.

Taa ya kichwa cha treni ndiyo iliyonishtua. Naona taa, duara jeupe kuizunguka, halafu mkia umening'inia chini yake. Pikipiki ikija mbele yangu inakuja na kivuli chake cha mwanga, sijui nipishe ipi. Mchana naona vizuri tu, ila macho yanawasha, na msimu wa vumbi nayafikicha mpaka yanalia kwa sauti.

Washauri wakajaa. Mmoja akasema ni simu. Mwingine karoti, nikatafuna kama sungura, ilhali vitamini A humsaidia aliyepungukiwa nayo, na mimi mchicha na maembe sijawahi kuvikosa. Wa tatu akaniuzia miwani ya njano, eti ya madereva wa usiku. Niliivaa nikapanda nayo barabara ya Kitete. Duara lilikuwa lile lile, limebadilika rangi tu, na barabara imeongezeka giza, kwa sababu kioo chochote chenye rangi kinapunguza mwanga unaoingia. Shimo moja nililiona baada ya kutoka ndani yake. Abiria wangu, mama mmoja mwenye ndoo ya samli, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, leo umekula?"

Lakini wote hao hawamfikii shangazi. Shangazi yangu namwogopa kuliko trafiki. Alikuja kutoka Sikonge na kichupa cha asali ya nyuki wadogo, akanilaza chali kwenye mkeka. "Usifumbe. Babu yako alijitibu macho kwa hii hii." Nilitaka kumkumbusha kwamba babu alimaliza miaka yake akishikwa mkono kwenda chooni, nikanyamaza, maana shikamoo yenyewe ilikuwa haijajibiwa vizuri. Tone la kwanza lilipoingia niliona mizimu ya pande zote mbili. La pili sikulisubiri, nilikuwa tayari nje naning'iniza kichwa kwenye ndoo ya maji, na yeye anafuata nyuma akisema dawa kali ndiyo dawa. Jioni duara lilikuwepo, sasa limezungukwa na ukungu. Shangazi akasema uchafu unatoka.

Dukani nako nilipewa matone. Yalituliza muwasho ajabu, ningeweza kuyatumia mwaka mzima. Aliyekuja kunikataza ni mpima macho: kichupa kilikuwa na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ambayo ikitumika muda mrefu bila kufuatiliwa inaweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Ukipewa matone, soma jina la dawa, si jina la duka.

Huyo mpima macho ndiye aliyenifungua akili. Alinishikisha kijiko cheusi chenye vitundu, nikasoma ubao wa herufi mistari miwili zaidi. Nilirudi nyumbani nikakata boksi la plagi, nikalitoboa kwa sindano, usiku nikaenda nalo stesheni. Nikafumba jicho moja, jingine nikaliweka kwenye kitundu, nikaitazama taa ya jukwaani. Duara limekwenda! Mkia umekwenda! Nikaondoa boksi, vyote vimerudi. Wenzangu wakadhani nawachungulia abiria. Nikawapanga foleni, kila mtu apime, na mzee mmoja wa mizigo akagundua jicho lake la kushoto halioni vizuri hata kwa kitundu, akaenda hospitali kesho yake. Siku hiyo nilijiita daktari.

Kitundu kinapitisha mwanga kwenye sehemu ndogo tu ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kwa hiyo mikunjo yake haipati nafasi ya kuutawanya. Kikisaidia, mara nyingi tatizo liko mbele, kwenye konea au lenzi ya ndani ya jicho. Na usiku ni mbaya zaidi kwa sababu mboni hupanuka gizani, mwanga ukapitia hata pembeni kulikopinda. Ila kabla ya yote tazama kioo cha helmeti yako. Chenye mikwaruzo kinatengeneza duara bure kabisa. Changu nilikibadilisha, likapungua kidogo, nikafurahi mapema.

Nilichora taa kama ninavyoiona kwa kila jicho, nikampelekea daktari wa macho. Mkia wa jicho la kulia ulimvutia kuliko maelezo yangu yote. Miwani niliyopewa mwanzo ilikosa nguvu baada ya miezi michache, nikabadilishiwa, nayo ikakosa. Hiyo nayo ni dalili. Nikapanda treni kwenda Dar es Salaam, ambako mashine ilichora ramani ya konea: imekonda na kuchongoka kama ncha ya embe. Wanaita keratokonasi. Huanza ujanani, na kufikicha macho kunaichochea.

Tiba ya kuisimamisha ni ya Wajerumani, wale wale walioifikisha reli Tabora mwaka 1912. Watu wa Dresden ndio waliochapisha matokeo ya kwanza ya wagonjwa mwaka 2003: konea inalowekwa matone ya vitamini B2, kisha inamulikwa mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kama iliyomo kwenye jua, ili nyuzi zake zishikane. Matone yenyewe ni ya njano. Njano hii ilifanya kazi. Haikurudishi ulikotoka, inazuia kuharibika zaidi, na siku za mwanzo jicho linauma kweli. Gharama yote na nauli, hesabu pikipiki iliyochoka.

Kazi ngumu ilikuwa kuacha kufikicha. Kitambaa cha maji baridi kinasaidia. Kilichosaidia zaidi ni mdogo wangu wa sekondari: nilimwahidi shilingi mia kila akinikamata. Alinunua viatu.

Sasa navaa lenzi ngumu juu ya konea, na miwani ya wazi mbele yake kwa ajili ya vumbi. Duara limebaki jembamba, nalijua. Wewe ukiona duara zenye rangi za upinde wa mvua, jicho limekuwa jekundu, kichwa kinapasuka na unatapika, usichore wala usitoboe boksi, kimbia hospitali usiku huo huo, hiyo inaweza kuwa presha ya macho iliyopanda ghafla.

Lenzi zioshwe kwa dawa yake tu. Maji ya bomba yanaweza kuwa na vijidudu vinavyokula konea. Mwenzangu kijiweni ananishauri maji ya chumvi, ni nafuu zaidi. Ndiye yule aliyeniuzia miwani ya njano.