Alhamisi ya "Nipe mji" maktabani kwetu

Wanaotoa ushauri wa maktaba ilhali hawajawahi kushinda maktabani hata siku moja, leo wanipishe niseme. Mmoja wao kanitia hasara.

Nilikuwa nimejitolea kwenye maktaba ndogo ya jamii hapa Wete, nikapewa kazi ya kuwavuta watoto. Mtaalamu mmoja kutoka mjini akanipangia: Jumamosi saa tatu asubuhi, bango kubwa, viti vya kukodi, spika. Nikamsikiliza! Pamoja na juisi ya ukwaju, ilinitoka kama elfu themanini hivi, na sitaki kukumbuka zaidi.

Saa tatu ikafika. Viti arubaini, watu wawili: mimi, na mtoto aliyetumwa sukari akaingia kuishangaa spika. Wenzake wote walikuwa nyuma ya ukuta, kwenye chuo cha Kurani, nawasikia kwa sauti moja wakisoma Juzuu Amma. Mimi mzaliwa wa Pemba, niliyekula bakora Jumamosi ngapi katika chuo kile kile, nimesahau! Juisi tukainywa mimi na yule wa sukari mpaka mamake akaja kumfuata na mwiko mkononi.

Chuo hufungwa Alhamisi na Ijumaa. Basi nikahamia Alhamisi, baada ya Laasiri. Bango nikaligeuza pazia, mikeka nikaazima kwa majirani. Kisha nikamwendea bibi mmoja wa mtaani, fundi wa vitendawili.

"Mwanangu, mie kusoma sijui. Huko maktaba nikafanye nini?"

"Bibi, wewe njoo na mdomo wako tu."

Akaja. "Kitendawili!" "Tega!" "Kamba yangu ndefu, lakini haifungi kuni." Nyoka, mto, mkia wa paka, wote wakashindwa. "Haya, nipeni mji!"

Hapo ndipo nilipoingiza ujanja wangu, na kwa hili najisifu. Mji lazima uuoneshe kwenye atlasi, na uliokwishatolewa hautolewi tena. Wete, Chake Chake na Mkoani iliisha siku ya kwanza. Wiki ya pili ikaondoka Mombasa na Maskati. Wiki ya nne nawakuta mlangoni kabla sijafungua, wanagombea atlasi. Msichana wa darasa la nne akatoa Ouagadougou, kidole kimekita juu ya Burkina Faso. Bibi akaujaribu mara tatu, ukamshinda.

"Haya, nimekwenda huko kwenye Waga-nani-sijui, nimekaa, njaa imenishika, nimerudi. Jibu ni njia!"

Watoto walivunjika mbavu.

Sasa shida yao ni kumshinda bibi. Nawaelekeza rafu ya 398.6 kwa namba za Dewey, zile za kupangia vitabu maktabani, ndiko viliko vitendawili, na wakifika hapo macho yanaangukia ngano kwenye 398.2. Zamani rafu hiyo mgeni wake alikuwa mchwa. Wala usiwaambie kwamba wanasoma, watakimbia. Na msimu wa karafuu kunja mikeka yako mapema, kwani watoto watakuwa wanachambua majumbani na hata ukileta ndovu hawaji.

Ukurasa wa Afrika Magharibi umekwishachanika, nimeubandika selotepu. Juzi bibi kanivuta pembeni, kaniuliza kama kuna boti ya kwenda huko Waga. Nikamwambia nchi ile haina bahari.

"Haina bahari?" Akajifunga kanga yake vizuri. "Basi huo si mji. Mwambie anipe mwengine."