Nilivyolinganisha baiskeli tatu za kale za kaboni kwa jozi moja ya magurudumu

Wapenzi wa baiskeli za mbio za zamani wamenichosha kwa maneno. Huyu anaapa kwamba kaboni ya kale ni laini, inameza mashimo yote ila haina uhai. Yule anaapa kwamba ni kavu na inatikisa hadi meno. Ukiwahoji, karibu kila mmoja amepanda moja tu, tena ikiwa na tairi alizoikuta nazo. Hukumu ya namna hiyo ni ya tairi, si ya fremu, na mimi nilitaka kuijua fremu.

Nilikuwa na Vitus ya miaka ya 1980, yenye mirija mitatu mikuu ya kaboni iliyogundishwa kwenye viungio vya alumini, na uma wa alumini pia, yaani ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele. Marafiki wawili wakaniazima Trek 5500, ya ukoo wa OCLV (jina la Trek kwa teknolojia yake ya kaboni) ulioanza mwaka 1992, na Colnago C40, iliyotoka mwaka 1994. Hizi mbili hazina viungio vya chuma wala vya alumini. Mirija na viungio vyote ni kaboni. Na C40 si pambo la ukutani: mwendesha baiskeli Franco Ballerini alishinda nayo mbio za Paris–Roubaix mwaka 1995, juu ya mawe yale yanayovunja watu na vyuma.

Mara ya kwanza nilizipanda kama zilivyo, kwa sababu ndivyo nilivyoshauriwa na watu wanaojiita wajuzi. Vitus ikaonekana kama godoro, Trek kavu, C40 katikati. Ningeishia hapo ningerudi na hadithi ileile ya kila mtu. Lakini Vitus ilikuwa na tairi nene za pamba zenye upepo wa wastani, na Trek tairi nyembamba zilizojazwa hadi zikagonga kama mbao. Nilipozipunguzia zile za Trek upepo kutoka pauni 120 hadi 90 kwa inchi ya mraba, ukavu wote uliodaiwa kuwa wa fremu ukaondoka. Fremu ileile, barabara ileile.

Kwa hiyo ilibidi magurudumu yawe jozi moja kwa baiskeli zote. Hapo ndipo watu hukwama, maana nafasi ya ekseli ya nyuma, yaani upana kati ya miguu ya fremu inayoshika gurudumu la nyuma, haifanani. Vitus ina milimita 126, kipimo cha enzi za gia sita na saba. Trek na C40 zina 130. Nilishauriwa niipanue miguu ya nyuma ya Vitus kwa nguvu, kama wanavyofanya kwa fremu za chuma. Ushauri huo ni wa hatari, na ninausema wazi ili asiufuate mtu. Chuma hupinda kikakaa ulivyokipinda. Kiungio kilichogundishwa hakina habari hiyo: gundi inaachia, na unaweza usijue hadi uwe kwenye mteremko.

Badala yake nilichukua gurudumu la nyuma la milimita 126 nikalitafutia ekseli yenye urefu wa milimita 138. Ndani ya Vitus ekseli ilichomoza milimita sita kila upande. Nilipohamia Trek na C40, niliongeza washa, yaani pete bapa ya chuma, ya milimita mbili kila upande wa habu, kile kitovu cha gurudumu, upana ukawa 130, na ekseli bado ikabaki na milimita nne kila upande za kukalia. Kwa kuwa washa zinalingana pande zote mbili, rimu haikuhama katikati hata kidogo, na sikugusa spoki hata moja. Nilifurahi mno siku gurudumu lile lilipoingia kwenye C40 bila kulazimishwa. Gia sikuhangaika nazo: nilikaza skrubu za mpaka za kibadilisha gia mpaka mnyororo ukatulia kwenye meno yaleyale ya katikati. Tairi milimita 23, pauni 90, tandiko langu lilelile, na umbali kutoka tandiko hadi usukani nikaupima kwa futi.

Basi zikaja karibu kufanana! Kwenye lami yenye mikwaruzo, ulaini wa kwenda juu na chini ulikuwa karibu sawa kwa zote tatu. Na kuna sababu. Fremu ni pembetatu mbili, na pembetatu haikubali kushuka. Tairi hushuka kwa milimita kadhaa pale ambapo fremu haijasogea kitu cha kuhisi. Tofauti niliyoisikia kwenye mtikisiko ilikuwa mikononi, kwenye Vitus, yaani kwenye uma, wala si kwenye ile kaboni inayosifiwa. Na sauti: Trek na C40 zinanyamazisha mvumo wa lami, na sikio likitulia mwili nao hudhani umetulia.

Tofauti kubwa iko ubavuni, unapokanyaga kwa nguvu. Kuipata kwa hisia tu hakukunitosha, nikategea breki. Niliweka kipande cha kadi kati ya rimu na kila pedi ya nyuma, nikarekebisha pedi ziguse kadi, kisha nikakitoa. Nafasi ikawa ileile kwa baiskeli zote, na gurudumu ndilo lilelile, kwa hiyo pedi ikigusa rimu, anayenepa ni fremu. Kwenye mwinuko mkali nikasimama juu ya pedeli. Vitus ikaanza kuimba shii, shii, kila mguu uliposhuka. C40 iligusa mara chache, pale nilipokanyaga kwa hasira. Trek kimya.

Siri ni kipenyo cha mirija. Mrija ukiupanua kwa robo huku ukuta wake ukibaki na unene uleule, unakaribia kuwa mkakamavu maradufu. Kaboni za mwanzo, hata zile za wakati Greg LeMond aliposhinda Tour de France ya 1986 juu ya fremu ya kaboni, zilikuwa na mirija myembamba kama ya chuma. Wepesi walipata, ukakamavu ulibaki ukisubiri mirija mipana.

Kabla ya kupanda yoyote kati ya hizi kwa nguvu namna hiyo, kagua viungio. Kaboni ikigusana na alumini mahali penye jasho la chumvi, alumini huliwa. Unga mweupe kwenye ukingo wa gundi ni onyo tosha. Gonga mirija kwa sarafu, na pale mlio unapofifia ghafla usipapuuze.

Mwenye kupenda milima achukue Trek. Mimi kwa safari ndefu ningechagua C40, si kwa ulaini bali kwa jinsi inavyoshika mstari kwenye kona mbovu bila kuhangaika. Vitus siiuzi, kwa mwendo wa wastani ni tamu kabisa, na sasa naijua inapoishia. Washa na ekseli nimezihifadhi pamoja na gurudumu, maana kuna mtu ameniahidi baiskeli ya Kestrel, ukoo ulioleta mwaka 1986 fremu ya kaboni isiyo na viungio kabisa, na pedi zangu zinaisubiri.